Nyimbo za zamani, filamu mpya

Jumamosi iliyopita, baada ya Isha, sauti ya Udit Narayan ilisikika kutoka chumba cha wanangu hapa Makanyagio. Niliitambua kabla sijafika mlangoni. Wimbo ule, "Udd Jaa Kaale Kaava", ulitoka katika filamu ya Kihindi ya Gadar mwaka 2001, enzi zetu za kanda. (Hukumu ya muziki wenyewe siizungumzii leo, masheikh wameieleza, nami si wa kuwatangulia.) Nikaketi nao bila kuuliza wanatazama nini.

Ilikuwa Gadar 2, ya Agosti 2023, waliyowekewa kwenye flashi. Waliotengeneza walijua wanamtafuta nani. Nyimbo 2 zilizopendwa zaidi za filamu ya kwanza zilirekodiwa upya na Mithoon. Udit na Alka Yagnik wakarejeshwa kuimba ule wa kunguru, na katika "Main Nikla Gaddi Leke" Udit akaimba pamoja na mwanawe, Aditya. Zilitangulia kutolewa, filamu ikafuata. Hata kijana anayeigiza mwana wa Tara Singh ndiye aliyekuwa mtoto mdogo katika ile ya 2001. Mzazi huitwa kwa wimbo, naye huja na wanawe.

Filamu ya kwanza ilisimulia mgawanyiko wa India na Pakistan mwaka 1947, na Tara, dereva Kalasinga, aliyemwokoa binti Mwislamu, Sakina, wakaoana. Haikuwa safi, lakini msingi wake ulikuwa ndoa na majonzi. Ya pili inahamia 1971: vita, mateso, na jenerali wa Pakistan aliyejaa chuki. Mtafsiri wa Kiswahili katika nakala yetu alieleza kila kofi na kila risasi. Nyimbo zilipoanza alinyamaza.

Binti yangu wa darasa la 5 akaniuliza, "Baba, mbona wabaya wote wanatoa salamu kama sisi?"

Nikamjibu kwamba Sakina naye ni Mwislamu. Akasema, "Sakina analia tu."

Nilikosa la kusema usiku ule. Mimi ndiye niliyewazoesha nyimbo zile, nikiziimba nikifua au nikitengeneza baiskeli.

Kesho yake nikamsimulia habari za mtunzi wa maneno, Anand Bakshi. Alizaliwa Rawalpindi mwaka 1930, mji ambao leo uko Pakistan. Mwaka 1947 familia yake, Wahindu, ikakimbilia India. Waislamu nao walikimbia kuelekea upande wa pili; kwa jumla watu zaidi ya milioni 10 walihama makwao. Mkimbizi huyo ndiye aliyeandika wimbo wa kutengana na kungoja, na maneno yake yakachukuliwa kupamba filamu ya kisasi.

Ukimbizi sikuhitaji kumfafanulia. Katumba iko jirani, ambako waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipokewa, na anasoma na wajukuu wao.

Akataka kujua kama mzee yule aliiona filamu ya pili. Nikamwambia alifariki mwaka 2002.

Flashi ingali juu ya kabati, sijaamua niifanyeje. Na wimbo, nakiri, jana asubuhi nilijikuta nikiuimba kisimani, nikanyamaza nilipomwona anakuja na ndoo.