BAHARI HAINGOJI KIKAO

Wanachama wetu wa Pemba hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia ya kuwa bahari inapanda. Waulizeni watu wa Kisiwa Panza, ambako maji ya chumvi yameingia katika mashamba. Bonde likisha kunywa chumvi, mpunga haushiki mpaka mvua za misimu ziioshe ardhi, na mwenye bonde hubaki kununua mchele wa kigeni kwa fedha asiyokuwa nayo. Hayo yaitwayo mabadiliko ya tabianchi, kwetu ni chungu kitupu jikoni.

Ni kweli ya kuwa joto hili limeletwa zaidi na moshi wa mataifa makubwa, na haki yetu kwao tuidai. Lakini deni la aliye mbali halimwondolei wajibu aliye karibu.

Mwaka 2014 Serikali ya Zanzibar ilitoa Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7. Karatasi, basi, tunazo. Twauliza: katika halmashauri yako, ndugu msomaji, ni fungu gani la mwaka huu lililowekwa kwa ajili ya tuta la kuzuia maji, au kwa kuotesha mikandaa? Na nani amelisoma mbele ya watu?

Mwenye duka hulipa leseni, muuza samaki hulipa ushuru wa soko. Atoaye ana haki ya kuuliza. Sheha huteuliwa na wakubwa, lakini diwani huchaguliwa kwa kura. Naye asiyepewa hazina ni nahodha asiye na tanga. Bonde la Pemba likiamuliwa na aliye ofisini mjini, mzigo wa mwenziwe kwake ni kanda la usufi.

Twataka mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri itangaze hesabu zake katika kila shehia. Pili, wenye mabonde na wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, washauriwe kabla ya kazi kuanza. Tatu, fedha ziwafikie madiwani kabla ya bamvua, si baada yake.

Wala nasi tusijitoe. Mikandaa ndiyo boma letu: huvunja wimbi, hushika tope, hulea samaki na kamba. Aikataye kwa makaa au kwa kuchomea chokaa anaifungulia bahari mlango, ijapokuwa ana kadi ya chama chetu mfukoni. Tulifunzwa chuoni ya kuwa israfu ya maji haifai hata kwa atawadhaye ukingoni mwa mto. Itafaa vipi israfu ya mti unaotukinga?

Shime, ndugu! Mwiteni diwani wenu, wa chama chochote awacho, mumuulize hesabu. Na atakayekwenda kuuliza, aende na mche wa mkandaa mkononi.