Kufuli la mwizi limegeuka bidhaa

Wiki iliyopita kijana mmoja anayehariri video za harusi alishuka na bodaboda hapa Mtaa wa Aggrey, kompyuta kaipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ni moja ya zile zilizostaafu kwenye maofisi ya Ulaya, zikapakiwa kwenye kontena, zikapitia Dubai, zikatufikia sisi. Ndani ina prosesa ya Intel, Core i5-6500.

"Shikamoo, fundi. Nataka uniovaklokie hii, ikimbie kupita kasi ya kiwandani. Inakwamakwama, na bibi harusi ananipigia kila saa."

"Marahaba. Haiovaklokiki hiyo, mwanangu. Imefungwa."

Akanitazama kama nimemwambia nyumba yake ina chumba asichoruhusiwa kuingia. Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Prosesa ile hupokea mapigo milioni 100 kwa sekunde, ikayazidisha mara 32, ndipo ikapatikana ile gigahezi 3.2 iliyoandikwa mgongoni mwake. Ikipata nafasi hujipandisha hadi 3.6, lakini kwa ruhusa ya kiwandani, si yako. Kizidishio kina kufuli. Ukisema basi uyaongeze yale mapigo 100 yawe 103, utavuna kama gigahezi 3.3, nayo mazabodi ya ofisi haina hata mahali pa kuyabadilishia. Ndugu yake, i5-6600K, wametoka mwaka mmoja wa 2015 na ukoo mmoja, ila yeye kizidishio chake kiko wazi. Tofauti kubwa kati yao ni herufi K, na K ina bei.

Mimi si mtu wa kulaani kila kufuli. Miaka ya 1990 kulikuwa na wajanja waliokwangua maandishi ya Pentium ya megahezi 133, wakaandika 166, wakauza kwa bei ya 166. Intel ilipoanza kufunga vizidishio mwishoni mwa miaka hiyo, ilisema inawakomesha hao. Mnunuzi gani wa Kariakoo atabisha? Huu ni mji ambao usiku wa Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki, kukakucha watu wameshika vioo vitupu. Kufuli la kumzuia mwizi nalikubali, hata kama linanibana na mimi.

Na nilibanwa kweli. Mwaka 2002 nilikuwa na Duron ya AMD, megahezi 700. Nayo ilikuwa na kufuli lake: juu ya kile kigae chake kulikuwa na vidaraja vidogo, vimekatwa kiwandani kwa miale ya leza. Dawa yake ilikuwa penseli. Penseli ya shule, ya kawaida kabisa! Ule weusi wake unapitisha umeme, kwa hiyo ukichora mstari mwembamba kuunganisha pale palipokatwa, kizidishio kinafunguka. Nilichora huku nimeziba pumzi, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia usitetemeke. Ikakimbia 900, na kwa miezi kadhaa nikajiona mhandisi. Ya pili niliiunguza mwenyewe, nilisahau kuchomeka waya wa feni. Inanuka kama kucha iliyoungua. Lawama zangu, sikumtafuta mtu wa kumsingizia.

Lakini angalia kufuli lilivyobadilika kazi. Mwaka 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 kwa walionunua Pentium G6951: unakwangua kama vocha, unaingiza namba, na prosesa ileile iliyokwisha kuwa ndani ya kompyuta yako inaongezewa uwezo uliokuwemo tangu siku ya kwanza. Watu walipiga kelele na mpango ukafa. Mwaka huohuo wa 2010 zilikuja K, na toka hapo uhuru wa kizidishio ukawa bidhaa ya dukani. Hapo mwizi wa miaka ya 1990 hahusiki tena.

Kilichonikera zaidi ni cha 2015. Watengenezaji wa mazabodi waligundua kwamba kizazi kile cha i5-6500 kinaweza kukimbizwa kwa kupandisha mapigo yenyewe, si kwa asilimia mbili tatu bali kwa mengi, mradi mazabodi iwe inayokubali. ASRock wakatoa bayosi, ile programu inayoiamsha mazabodi, kwa ajili hiyo. Haikuchukua miezi mitatu: mapema 2016 Intel ikapeleka marekebisho, na bayosi mpya zikafunga kile kilichokuwa wazi. Mtu kakuuzia nyumba, hela kapokea, kisha anarudi usiku kubadilisha kitasa.

Watetezi wa Intel wana hoja, nami naijua kwa nyanya. Kiwandani prosesa hazitoki sawa. Zinapimwa, zinachambuliwa: inayohimili kasi inakwenda daraja la kwanza, inayochoka mapema inashushwa. Sawa kabisa. Ila muulize mfanyabiashara wa nyanya yeyote hapa sokoni: siku wateja wa daraja la pili wakiwa wengi, anafanyaje? Anamimina daraja la kwanza kwenye tenga la pili, biashara inaendelea. Wa viwanda vya prosesa hufanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mama aliyebahatika kupata nyanya nzuri kwenye tenga la pili hafuatwi nyumbani ili zibonyezwebonyezwe.

Sisi hapa makufuli ya namna hii hatujaanza kuyaona jana. Modemu za USB zilipoingia, kila kampuni ya simu ilifunga ya kwake isisome laini ya jirani. Neno kuchakachua, lililokuwa la petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, likahamia mezani kwetu: "Fundi, nichakachulie modemu." Tulichakachua kwa mamia, na naona aibu kidogo kwamba kazi halali ya kumfungulia mtu mali yake tuliibandika jina la wizi wa mafuta. Jina baya likishakaa, hata mwenye mali anaongea kwa kunong'ona.

Turudi kwa kijana. Nilifungua kompyuta yake mbele yake. Feni ilivaa vumbi zito kama sufi ya mto. Ile grisi ya kupitisha joto, inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ilikuwa imekauka ukoko, ukoko wa ugali hasa, nikaubandua kwa ukucha. Prosesa ilikuwa ikipanda hadi nyuzi 96, halafu inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Yaani huyu aliyekuja kutaka zaidi ya 3.2 alikuwa hapati hata 3.2. Nikasafisha, nikapaka grisi mpya, RAM yake iliyokuwa kipande kimoja nikaiongezea cha pili. Video ilipomaliza kutoka, joto lilikuwa 68. Hakuna kufuli lililoguswa.

Kwa hiyo sisemi kila mtu akimbize prosesa yake. Kwa joto la Dar, umeme unaokatikakatika na LUKU inayohesabiwa kwa uniti, wengi hawatafaidi. Ninachodai ni kidogo. Prosesa ya Intel inayouzwa kwenye boksi ina dhamana ya miaka 3. Hii iliyo mezani kwangu ina zaidi ya miaka 10, haiuzwi tena mpya, hakuna K ya mwaka ule itakayokosa mnunuzi kwa sababu yangu. Mwizi wa maandishi naye programu ya bure inamuumbua kwa dakika moja. Kufuli hili leo linamlinda nani? Dhamana ikiisha, watoe bayosi ya mwisho yenye mlango wazi, na onyo kubwa juu yake: ukiunguza, umeunguza mwenyewe. Nitatia saini hapo kwa furaha, nina uzoefu.

Duron yangu ya kwanza bado iko kwenye droo, na mistari ya penseli haijatoka. Kijana aliiona nilipokuwa natafuta bisibisi, akalowesha kidole kwa mate. "Fundi, hii ina uchafu." Nikamnyang'anya kabla hajafuta.