Tungoje ITER hadi 2039?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne 2024 akiwa na miaka 18 atakuwa na miaka 33 mtambo wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, utakapoanza kuchoma fueli yake halisi. Hiyo ni kama ratiba haitasongeshwa tena.

Na imeshasongeshwa. Muungano wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, Japani, India na Korea Kusini zilitia saini mkataba wa ITER 2006. Baadaye ikasemekana mtambo utawashwa 2025. Lakini 2024 wakuu wake walitangaza ratiba mpya: utafiti uanze 2034, fueli ya deuteriamu na tritiamu 2039, na gharama ipande kwa takriban euro bilioni 5. Pesa si kidogo!

Zinatafuta nini hasa? Jua hupata nguvu kwa kuunganisha viini vya haidrojeni. Ili kufanya hivyo hapa duniani, gesi hupashwa moto kupita nyuzi milioni 100 hadi iwe plazma. Hakuna chuma cha kuishika, hivyo hufungiwa kwa nguvu za sumaku.

Kasheshe ni kwamba mpaka sasa plazma hizi ni kama jiko la makaa lisilokolea: ukiacha kupepea, linazima. Mtambo wa JET, Uingereza, uliweka rekodi ya megajuli 69 mwaka 2023 kabla ya kufungwa, lakini bado ulitegemea joto la nje. Kinachosakwa ni plazma inayojichoma, yaani inayopata joto lake jingi kutokana na chembe za heliamu zinazozaliwa ndani yake. ITER inalenga kutoa megawati 500 kwa kupashwa na megawati 50 tu.

Wengine wamechoka kungoja. Huko Massachusetts, Marekani, kampuni ya Commonwealth Fusion Systems inajenga SPARC, mtambo mdogo zaidi ambao uga wake wa sumaku umepangwa kuzidi ule wa ITER mara mbili. Uga ukiongezeka maradufu, nguvu katika kila ujazo wa plazma yaweza kupanda mara 16. Ndiyo maana udogo si hoja.

Basi ITER itupwe? La. SPARC imepangiwa kuwaka sekunde chache, ITER dakika kadhaa. Tena ITER itajaribu mbinu za kuzalisha tritiamu, fueli adimu ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 12 hivi. Kila mtambo unajibu swali lake. Mpango wa busara ni wadogo watangulie, mkubwa ujifunze kwao. Sharti moja: matokeo yawekwe wazi. Kampuni ina wawekezaji wa kuridhisha, na ikifungia data kabatini, wengine watarudia makosa yaleyale kwa pesa za umma.

Na usidhani haya ni ya maprofesa pekee. Miongoni mwa mambo yaliyoichelewesha ITER ni vipande vya chuma ambavyo kingo zake za kuchomelewa hazikulingana sawasawa, na mabomba ya kupoza yaliyopata nyufa kwa sababu ya kutu. Hesabu za fizikia zilikuwepo. Kazi ya fundi ndiyo iliyobidi irudiwe.