Siku Tatu za Kujipikia Kizimkazi



Barua ya wiki hii imetoka kwa dada yetu wa Unguja Mjini, aliye katika mwaka wa 11 wa ndoa. Anaishi ukweni, nyumba moja na mama mkwe, mawifi wawili na watoto wao. Mumewe ameona kijumba cha kukodi huko Kizimkazi, cha watu wawili tu, kisicho na mpishi wala mtumishi: mgeni hukabidhiwa ufunguo na jiko la gesi, yaliyobaki ni juu yake. Anataka wakakae siku tatu. Mama mkwe amenuna, asema hayo ni mambo ya Kizungu. Lakini si hilo lililomshikisha dada kalamu. Mwisho wa barua, kwa herufi ndogo kuliko zilizotangulia, ameandika kwamba anachelea wakifika huko hawatakuwa na la kuzungumza.

La mama mkwe ni jepesi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisafiri na wakeze, na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia jinsi walivyoshindana mbio safarini, mara ya kwanza akashinda yeye, na siku nyingine, baada ya muda kupita, akashinda Mtume. Kustarehe na mkeo hakukuanzia Ulaya. Hata hivyo mama ana haki yake. Mwana ndiye wa kumwaga, si mkwe, tena ahakikishe yupo wa kumpa dawa na kulala naye chumbani. Na ikiwa fedha ya kodi ni ya mkopo, au ni ada ya mtoto, safari na isubiri.

Kisha jiko. Nyumba hizi hukodishwa kila mtu, na huenda aliyetangulia alipika nguruwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi chombo hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nani atakwenda mapumzikoni kuchota udongo? Sisi tulipokodi nyumba ya namna hiyo, pwani ya kusini, tulikuta chupa za pombe ndani ya jokofu, na kikaango chenye mafuta tusiyoyajua asili yake. Mwenye nyumba hakupatikana kwenye simu, tukala mkate na ndizi usiku ule. Tangu hapo tunafunga sufuria zetu mbili, kisu na mbuzi ya kukunia nazi. Na kwa kuwa Mjini hadi Kizimkazi hakufiki kilomita 80 wanazozitaja masheikh wetu, sala huko ni kamili, haipunguzwi.

Pwani yenyewe ni ya majabali ya matumbawe, makali kama meno, yaliyoliwa na bahari chini hata yakabaki yameinama juu ya maji. Msitembee pekupeku. Wakati wa bamvua maji hukupwa kama saa nne asubuhi, ndipo pa kuteremka. Pomboo waachieni wenye mashua na haraka zao. Nendeni Dimbani, kwenye msikiti wa kale ambao kwa nje, na paa lake la mabati, mtu aweza kuupita asijue. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, yamo maandishi ya Kufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Na bado unasaliwa.

Sasa ile hofu. Dada, hatukulaumu, nasi tuliwahi kuwa nayo. Siku ya kwanza tulizungumza habari za watoto na bili ya maji, zikaisha. Siku ya pili tulinyamaza hadi alasiri. Ndipo mwenzetu akashika kisu kupara changu, kazi asiyoijua, magamba yakamrukia hadi ndevuni, tukacheka mpaka tukaketi chini. Usiku, sufuria ikiwa motoni, akaanza kutueleza habari za mazishi ya baba yake, ambayo hakuyawahi. Miaka tisa hakuwa amelitaja. Kwa nini hakusema nyumbani? Nyumbani kila akifungua kinywa mlango hugongwa, au nasi tunainuka kutazama wali.

Kwa hiyo usimpikie peke yako siku zote tatu, ukarudi umechoka kuliko ulivyokwenda. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Mumeo naye na akune nazi. Akikuna vibaya, usimnyang'anye mbuzi. Mkinyamaza, nyamazeni, usiiwashe simu ili kuujaza ukimya.

Mwambie amwage mama yake mapema, wala si asubuhi ya safari, mabegi yakiwa mlangoni.

Wassalaam.