KAMERA YA DUKANI NA BODI YA KIJANA: NANI ANAINGIA BILA HODI?



Wazazi wenzangu, hapa Petite Barrière hakuna asiyejua sheria ya mpaka. Mama mwenye beseni la nyanya havuki kwenda Goma bila kuonyesha karatasi yake. Lakini picha za wake zetu na watoto wetu zinavuka mipaka usiku na mchana, na hakuna anayeziuliza karatasi!

Nazungumzia kamera za bei nafuu tunazofunga sebuleni na uani ili tuchungulie kwa simu tukiwa safarini. Nyingi zinategemea kompyuta za kampuni ya mbali usiyoijua. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya namna hiyo duniani, kwa sababu wenyewe waliacha neno la siri la kiwandani.

Halafu kijana akinunua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, akaifundisha kuwasha taa ya uani ikiingia Magharibi na kuzima pampu tangi likijaa, sisi tunasema: "Anacheza huyo! Anapoteza pesa!" Subhanallah! Mchezo ni upi hapo?

Hebu tufikiri. Kifaa cha dukani kimefungwa. Hujui kinaongea na nani. Cha kijana kiko wazi: programu ameiandika au anaweza kuisoma, kumbukumbu zinabaki kwenye kadi ndani ya nyumba, na intaneti ikikatika pampu bado inamtii. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inatuamrisha tusiingie nyumba za watu bila idhini na salamu. Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Je, amri hiyo ni kwa miguu tu, macho yameruhusiwa?

Wengine husema mambo haya ni ya Wazungu. Mmemsahau Al-Jazari? Mwaka 1206 alimaliza kitabu chake cha mitambo huko Diyarbakir, Uturuki ya leo. Mna saa za maji na mashine za kujiendesha, naye alieleza kipande kwa kipande namna ya kuzijenga. Hakufunga sanduku akauza siri.

Nanyi vijana msijisifu. Mpaka mwaka 2022 Raspberry Pi nayo ilikuja na jina na neno la siri linalojulikana dunia nzima. Mwenye kadi ya zamani abadilishe leo. Pini zake ni za volti 3.3, lakini umeme wa ukutani unaua: mwite fundi. Na kamera uliyoijenga mwenyewe, ukiielekeza kwenye dirisha la jirani au chumba cha mfanyakazi, dhambi ni ile ile, tena huna kampuni ya kuilaumu.

Baba na mama, kabla ya kununua kamera ulizeni maswali matatu. Picha zinakwenda wapi? Nani mwingine ana ufunguo? Kampuni ikifunga, kifaa kitafanya kazi? Muuzaji akishindwa kujibu, rudisheni pesa mfukoni. Sehemu yake mpeni kijana wenu, mkimwambia aanze na tangi la maji.

Wabillahi tawfiq.