Mipangilio ya Modbus ni mali ya kiwanda, si siri ya fundi

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo sisi waandishi wa programu tunalidharau kwa sababu linaonekana la kizamani: mipangilio ya mawasiliano ya siriali kwenye vifaa vya kufuatilia mitambo viwandani. Msimamo wangu ni kwamba mipangilio hiyo ni mali ya mwenye kiwanda. Fundi anayeondoka bila kuiandika mahali inapoonekana hajamaliza kazi, hata kama taa zote zinawaka kijani.

Kwa wageni wa mambo haya, picha ni hii. Mita za umeme, vipima joto na mashine nyingine zimeunganishwa kwa nyaya za RS-485. Kifaa kimoja cha kufuatilia kinaziuliza moja baada ya nyingine: wewe namba 7, umesoma ngapi? Lugha yao mara nyingi ni Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Imenizidi umri na bado inachapa kazi. Ili waelewane, lazima wakubaliane kuhusu kasi, pariti na idadi ya biti za kufungia. Kila kifaa nacho kiwe na anwani yake.

Sasa shida iko hapa. Ukikosea pariti, hakuna ujumbe utakaokuambia kwamba umekosea pariti. Unapata kimya tu. Mita ikipokea baiti isiyoikubali, inaitupa meseji yote na haijibu. Kimya hicho hakina tofauti na kimya cha waya uliokatika au mita iliyoungua, na ndiyo maana watu hutupa vifaa vizima!

Nimeyaona. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai baada ya kifaa chao cha kufuatilia kubadilishwa na mita tisa kunyamaza kwa pamoja. Kampuni iliyozifunga ilitaka ilipwe upya ndipo itaje mipangilio. Meneja alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya mita mpya. Kumbe zile za zamani hazikuwa na ugonjwa wowote: zilipangwa kasi ya 19200 na pariti shufwa, na kifaa kipya kilikuwa kinauliza kwa 9600 bila pariti. Basi.

Kuna watakaosema, "Si kila mtu hutumia 9600 bila pariti?" La hasha. Waraka rasmi wa Modbus ya siriali unataja 19200 na pariti shufwa kuwa chaguo-msingi. Ukiacha pariti, unakutaka uweke biti mbili za kufungia ili kila herufi ibaki na biti 11. Watengenezaji wengi hawaufuati, wanauza vifaa vikiwa 9600, bila pariti, na biti moja ya kufungia. Kwa hiyo hiyo "kawaida" unayoitegemea ziko angalau mbili.

Wengine hujitetea kwamba kuficha mipangilio ni usalama. Hebu tupige hesabu. Kasi za kawaida kuanzia 1200 hadi 115200 ni nane. Zizidishe kwa miundo minne ya pariti na biti za kufungia, unapata 32. Anwani ni 1 hadi 247. Jumla ni maswali 7,904. Ukisubiri jibu sekunde moja kwa kila swali, programu fupi ya Python inamaliza yote kwa saa mbili na dakika kumi na mbili hivi. Modbus ya siriali haina nywila. Mwizi mwenye laptopu na adapta ya USB hazuiliwi na siri yako. Anayezuiliwa ni mwenye mali. Ulinzi wa kweli ni kufuli kwenye paneli na kutokiacha kifaa cha kufuatilia wazi kwenye intaneti.

Na usiseme saa mbili si kitu. Wakati wote huo kifaa cha kufuatilia lazima kichomolewe, kwa sababu kwenye laini hiyo muulizaji anatakiwa awe mmoja tu. Isitoshe, watengenezaji hawakubaliani hata waya upi uitwe A na upi B. Nyaya zikipishana, utatafuta hadi mwisho bila kupata kitu, uzigeuze, kisha uanze upya.

Dawa yake ni karatasi moja ndani ya mlango wa paneli. Iandikwe kasi, pariti, biti za kufungia, anwani ya kila kifaa na mahali kilipo, rangi ya waya wa A na wa B, na ncha mbili zilizofungwa vizuizi vya ohm 120. Weka tarehe. Nakala ibaki ofisini. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa mameneja, ushauri wangu ni huu: andikeni kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka karatasi hiyo ibandikwe na mtu wenu aijaribu. Kwa mafundi na waandishi wa programu wenzangu: ukitaka mteja akurudie, mvutie kwa kazi nzuri, si kwa kumfungia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.