Mke mgeni na uraia: haki inayoishi maadamu mume yu hai

Miongoni mwa maswali yanayorudi mara kwa mara katika ukurasa huu wa familia, lipo moja ambalo hapa Mfaranyaki huulizwa kwa sauti ya chini, tena aghalabu baada ya msiba. Mwanamke aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma ameishi nasi miaka kumi na tano au ishirini. Amezaa, amelea, amezika pamoja nasi. Mumewe amefariki, eda haijamalizika, na tayari mtu anamuuliza: wewe hasa ni raia wa wapi? Swali hilo, likiulizwa wakati huo, huwa limechelewa. Tunapenda leo tuliulize mapema, wakati wote wanaohusika wangali hai.

Sisi watu wa Songea hatuna haja ya kueleza kwa nini jambo hili linatuhusu. Mto unaochimbuka katika milima ya Matogoro, karibu kabisa na mji wetu, ndio huohuo ambao mbele ya safari unageuka kuwa mpaka wa nchi. Wangoni, Wayao na Wamakua wako pande zote mbili, na ndoa zilikuwako kabla ya mpaka kuchorwa. Kisha ikaja vita ya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964 hadi uhuru wa mwaka 1975, ambapo wakimbizi kwa maelfu walipokewa katika mkoa huu, Muhukuru na Lundo zikiwa miongoni mwa makazi yao. Wengi walirejea kwao, wengine walibaki, na baina yao na sisi zikafungwa nikaha ambazo matunda yake leo ni watu wazima wenye wajukuu. Damu imechanganyika, lakini karatasi hazikufuata.

Sheria ya Uraia ya Tanzania, ambayo ni ya mwaka 1995, inatambua uraia wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Wa kurithi ni wa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi kwa baba au mama Mtanzania. Wa tajnisi ni wa mgeni anayeomba na kukubaliwa. Mke mgeni wa raia wa Tanzania anaingia katika mlango huu wa tatu, ila yeye amewekewa njia yake mahususi. Mgeni wa kawaida huomba, na Waziri wa Mambo ya Ndani ana hiari ya kukubali au kukataa. Mwanamke aliyeolewa na raia, sheria inasema anayo haki ya kupewa tajnisi akiomba kwa utaratibu uliowekwa. Lakini ndani ya kifungu hichohicho pana maneno machache ambayo familia nyingi hazijayasikia: haki hiyo ni ya wakati wote wa uhai wa mume.

Tuyatafakari maneno hayo. Ndoa yenyewe haimpi mke uraia hata ikidumu miaka thelathini. Ni lazima aombe. Na mlango wa kuomba kwa njia ya ndoa uko wazi maadamu mume yu hai. Akifariki kabla mke hajaomba, mjane yule anabaki na njia ya mgeni wa kawaida: athibitishe kwamba amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka kumi iliyotangulia amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na uamuzi ubaki mikononi mwa Waziri. Mwanamke aliyeishi Mfaranyaki miaka ishirini ataona masharti hayo ni mepesi, mpaka atakapoulizwa vibali vya ukaazi vya miaka hiyo yote. Wengi hawana hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mke wa mtu naye anahitaji kibali.

Madhara yake hayaishii kwenye kitambulisho. Bila utambulisho unaokubalika, mama huyu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana hata mahali pa kupokelea fedha anazotumiwa na mwanawe. Zito zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Tunajua sote kwamba mjane katika mirathi ya Kiislamu ana fungu lake: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Fungu hilo ni haki aliyopewa na Mola wake. Lakini nyumba na kiwanja vikiwa ndiyo mali pekee, na mjane si raia, fungu lile linageuka mgogoro. Warithi wenye nia njema watatafuta namna ya kumfidia, na wenye nia mbaya wamekwisha kupata silaha. Hapo ndipo mume aliyempenda mkewe, lakini akaliahirisha jambo hili mwaka hadi mwaka, anapokuwa amemwacha bila kinga.

Kuna wanaotujibu kwamba nikaha imetimia kwa walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Karatasi ya serikali inaongeza nini? Jibu letu ni kwamba katika dini haiongezi kitu, na hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kuwa ndoa ni batili kwa sababu tu haikusajiliwa. Ila afisa wa uhamiaji hakuhudhuria nikaha yako. Yeye anataka cheti. Nasi tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha limepewa uzito huo, vipi tuone uzito kuandika ahadi ya maisha? Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hili linawagusa zaidi wake wa pili na wa tatu. Sheria ya Uraia haikutaja mke mkubwa wala mdogo. Imemtaja mwanamke aliyeolewa na raia. Lakini mara nyingi mke wa kwanza ndiye mwenye cheti, na aliyeolewa baadaye kutoka upande wa pili wa mto ana ushahidi wa watu tu. Mashahidi nao huhama, husahau na hufa. Mume mwenye wake wawili ameamrishwa uadilifu, na sisi hatuoni vipi uadilifu utatimia ikiwa mmoja ana cheti na mwenzake hana.

Tugeukie sasa binti zetu wanaoolewa nje. Kuolewa na mgeni peke yake hakumwondolei binti Uraia wa Tanzania. Kinachohitaji tahadhari ni hatua ya kuchukua uraia wa mume, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inamruhusu mgeni, mume au mke, aliyedumu katika ndoa na raia wao kwa miaka isiyopungua mitano, atangaze kuwa anataka uraia wao na kutimiza masharti. Hilo ni jambo la kuamuliwa kwa mashauri, binti, mumewe na wazazi wakiwa pamoja, si la kutiwa saini kwa haraka mbele ya mezani ya ofisi. Kwa wanaoolewa Omani, ambako familia nyingi za Pwani na Visiwani zina jamaa, wajue kwamba huko uraia hufuata nasaba ya baba, na kwamba hadi Amri ya Kifalme ya mwaka 2023, raia wa Omani aliyetaka kuoa mgeni alitakiwa kwanza kupata kibali cha serikali. Aliyeolewa kabla ya hapo na aulize kibali kile kiko wapi.

Watoto wa binti huyo wana haki yao. Mtoto aliyezaliwa Niassa, Cabo Delgado au Maskati kwa mama ambaye ni Mtanzania wa kuzaliwa ni Mtanzania kwa kurithi, sawa na yule ambaye baba yake ndiye Mtanzania. Kwa miaka ya utoto anaweza kuwa na uraia wa pande zote mbili. Akifikia umri wa miaka 18 ni lazima achague. Asipoukana uraia wa pili katika muda uliowekwa, wa Tanzania unamtoka. Na kuna mpaka mwingine: uraia wa kurithi hauzai uraia wa kurithi. Aliyeupata kwa kurithi, naye akazaa nje ya nchi, mwanawe hatakuwa Mtanzania kwa njia hiyo kupitia kwake. Bibi wa Mfaranyaki mwenye vitukuu ng'ambo anaweza kugundua kwamba nyumbani kwake wao ni wageni wa viza.

Katika haya yote lipo jambo ambalo hatulioni kuwa la haki, nasi tunalisema kwa heshima. Kijana wetu akioa ng'ambo, mkewe ana haki ya kuomba uraia kwa ndoa. Binti yetu akiolewa na kijana wa ng'ambo aliyehamia hapa, mumewe hana haki hiyo. Atapitia masharti yaleyale ya mgeni yeyote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtazama mwenzi wa raia bila kuuliza ni mume au mke, baada ya miaka saba ya ndoa, na sheria yao ya uraia ya mwaka 2011 inamkumbuka pia aliyefiwa na mwenzi wake. Hatuoni nini kingeharibika hapa kwetu kama mjane angepewa walau muda baada ya eda ili akamilishe maombi aliyostahiki kuyatoa mumewe alipokuwa hai. Wabunge wetu wa Ruvuma, wanaotoka katika mkoa wa mpakani, ndio wanaofaa kulisema hili kabla ya wengine.

Sheria haijabadilika bado, kwa hiyo tujilinde kwa kilichopo. Mfano wa karibu unatufundisha thamani ya hati. Mwaka 2012 mwanamume mmoja alikwenda kituo cha polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake, pasipoti yake ikazuiwa kwa shaka ya uraia. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya. Kenya nayo haikumtambua, akabaki akiishi katika eneo lililo baina ya mipaka ya nchi mbili. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba alinyang'anywa uraia kiholela, na kwamba kwa kuwa alikuwa na hati za Tanzania, serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kinyume chake. Asingekuwa na hati yoyote, sijui angeshika nini mkononi mbele ya majaji. Vivyo hivyo Wamakonde wa Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, walikaa vizazi bila uraia hadi walipoandamana kwenda Nairobi mwaka 2016, na wakatambuliwa.

Kwa hiyo tunaziomba familia zifanye mambo manne. Kwanza, mume mwenye mke mgeni aulize leo: cheti chetu cha ndoa kiko wapi? Kama hakipo, aanze kwa sheikh aliyefungisha nikaha na mashahidi wangali hai. Pili, watoto waandikishwe vyeti vya kuzaliwa RITA, majina ya baba na mama yakiwa yameandikwa kama yalivyo katika hati nyingine. Herufi moja iliyokosewa imewahi kumrudisha mtu nyumbani mara nyingi. Tatu, mke apate kibali cha ukaazi kinachomhusu, kwani maombi ya uraia ya mtu asiye na kibali huanza kwa maelezo marefu. Nne, mume na mke wafike wote wawili Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, hapa hapa Songea, wachukue fomu na kuelezwa ada na viambatisho, bila kumpitia mtu wa kati anayeahidi njia ya mkato.

Na masheikh wetu wanaofungisha nikaha tunawaomba waongeze swali moja katika yale wanayowauliza bwana na bibi arusi: je, nyote wawili ni raia wa nchi moja? Jibu likiwa hapana, wasikatae kufungisha. Wawaambie tu, mbele ya walii na mashahidi, kwamba cheti kichukuliwe wiki hiyohiyo, na kwamba mlango wa uraia wa mke uko wazi kwa muda ambao hakuna binadamu anayeujua urefu wake.